Klampu Haifinyi, Inashika

Mpaka leo nikinusa grisi ya mashine, mate hunijaa mdomoni, wala si mate ya njaa. Ni yale ya mtu anayekaribia kutapika. Harufu hiyo ndiyo iliyokuwa ikiingia darasani kwanza, likafuata koti la kahawia, kisha yeye mwenyewe, Mwalimu wa Ufundi. Jina lake nalijua, na watu wengi kutoka Kosele hadi Rongo wanalijua, lakini sitaliandika. Hata shuleni hatukulitumia. Mbele yake tulimwita Mwalimu wa Ufundi, na akiwa mbali tulimwita Klampu.

Mikono yake ilikuwa mizuri. Nalisema hili mwanzoni ili nimalizane nalo. Vidole virefu, kucha zilizokatwa sawasawa, isipokuwa ukucha wa kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ambao aliuacha urefuke. Huo ulikuwa wa kuchokonolea sikio. Aliuzungusha humo taratibu huku akitusomesha, akautoa, akautazama, akaufuta kwenye ukingo wa meza, kisha akaendelea na somo bila kupoteza hata neno. Tuliokaa mbele tulikuwa tukivuta madaftari yetu nyuma.

Chakula cha mchana alikila ndani ya karakana, peke yake, ugali na omena, wale dagaa wa ziwani. Alipotoka, vichwa vya omena vilikuwa bado katikati ya meno yake, na vidole vilikuwa na mchanganyiko wa mchuzi na grisi. Hakuwa na kitambaa. Alikuwa na mabega yetu. Alipita kati ya madawati akitupigapiga begani, huyu na yule, kama mtu anayetia moyo, na jioni mama zetu waliuliza sweta zimepata wapi madoa yale.

Karakana yenyewe waliijenga wazazi. Ilikuwa ni wakati ule ambapo kila shule ya msingi iliambiwa ifundishe kazi za mikono, na kila mzazi akaambiwa alete matofali. Baba yangu alileta. Wanafunzi tulibeba maji kutoka kijitoni kila Ijumaa, mitungi kichwani, mpaka kuta zikasimama. Vifaa vilipokuja, misumeno ilipotea kabla hatujaiona vizuri, na nyundo zikafuata. Zilizobaki ni klampu nne za chuma, zile zenye umbo la herufi C na skrubu ndefu upande mmoja. Alizitundika ukutani kwa mpango, kubwa mpaka ndogo, akazipaka grisi aliyoiomba kwenye mashine ya kusagia unga. Hakuna mwanafunzi aliyezigusa. Hatukuwahi kuunganisha hata kigoda.

Alichotufundisha ni neno. Na hapo lazima niseme kweli, alilifundisha vizuri. Aliliandika ubaoni kwa Kiingereza, clamp, kwa mwandiko uliolala upande kama nyasi iliyopigwa na upepo, kisha akasimama pembeni yake kama mtu anayemtambulisha mgeni.

"Mnafikiri hili ni neno la Waingereza?" aliuliza.

"Ndiyo, mwalimu!"

"Hapana. Waliliazima."

Alituambia kwamba zamani sana Waingereza walilipata kwa majirani zao wa ng'ambo ya bahari, Waholanzi na Wajerumani wa pwani, watu wa mbao na merikebu. Huko lilikuwa na maana ya kitu kinachoshika vitu viwili vikawa kimoja. Alisema neno hilo lina ndugu wengi katika Kiingereza, mengine ya kukumbatia, mengine ya kung'ang'ania, na akatutamkisha yote ili tusikie jinsi ulimi unavyogandama juu ya mdomo kabla sauti haijatoka. Alituambia kwamba Waingereza hao hao huita hivyo hivyo rundo la matofali mabichi linalopangwa ili lichomwe, kama yale marundo ambayo baba zetu walikuwa wakiyafukizia nyuma ya nyumba. Na serikali ikiwabana watu, alisema, magazeti hutumia neno lilo hilo. Macho yalimng'aa. Nilikuwa mtoto nisiyeinua mkono darasani, lakini nilipenda kumsikiliza akiingia ndani ya neno kama mtu anayeingia kwake. Hilo ndilo linalonichefua zaidi ya omena, kwamba nilimpenda kidogo.

Kila somo lilifungwa kwa usemi wake. "Klampu haifinyi," alisema, akingoja.

"Inashika!" tukamalizia darasa zima.

Ukiuliza watu wazima wa upande ule, watakusimulia mtu mwingine. Watakwambia kwamba mvulana wa jirani alipopandwa na malaria mpaka akaanza kuweweseka, ni Mwalimu wa Ufundi aliyemfunga mgongoni kwa leso kama mwanamke, akapanda baiskeli, akamkimbiza hospitali ya misheni kwenye matope yote yale. Ni kweli, nilimwona akirudi, koti limejaa matapishi ya mtoto, na hakulalamika. Watakwambia kwamba mlango wa mjane mmoja ulipoanguka, aliutengeneza Jumapili baada ya ibada, akakataa hata chai. Jumamosi za wenzetu Waadventista alikwenda kwao pia, kuimba besi tu, kwa sababu kwaya yao haikuwa na besi. Alilia kila siku ya wazazi, waziwazi, watoto wakisoma mashairi. "Yule mwalimu anajali," mama yangu alikuwa akisema. Nilichukia neno hilo kujali muda mrefu sana kwa sababu yake.

Nilizaliwa mtu wa mkono wa kushoto. Nyumbani waliniita Racham, ambalo ni jina la mkono huo kwa Kijaluo, na shuleni jina likanifuata. Kwa watu wetu mkono huo haumpi mtu mzima kitu, hausalimii, haumegi ugali. Bibi yangu akinipokonya kijiko alikuwa akinicheka, basi. Walimu wa madarasa ya chini walinichapa kidogo, wakachoka, wakaniacha. Niliandika kwa kushoto, na niliandika haraka. Insha zangu zilisomwa mbele ya darasa na mtu mwingine, kwa kuwa mimi mwenyewe sikuweza kusimama nikazisoma. Kila mtu alijua kwamba insha ndiyo itakayonipeleka sekondari, maana hesabu haikuwa yangu na mdomo sikuwa nao.

Kisha tukaingia darasa la saba, tukawa mikononi mwake.

Hakunichapa. Sijawahi kumwona akimchapa mtoto. Siku ya kwanza alipita, akasimama nyuma yangu, nikanusa grisi. Akatazama mkono wangu ukiandika. "Wewe nyako," aliniambia kwa upole, akiniita msichana kwa Kijaluo, "huo mkono nani alikufundisha?"

Niliinamia daftari.

"Hapana wasiwasi. Tutausaidia."

Akaenda karakana, akarudi na klampu ndogo. Akachukua ncha ya mkono wa sweta yangu, upande wa kushoto, akaivuta mpaka ukingo wa dawati. Kabla ya kukaza, alitoa mfukoni kipande cha kadibodi, akakikunja, akakiweka kati ya chuma na mbao. "Dawati lisiumie," alieleza darasa. "Fundi mzuri halindi kazi yake tu, analinda na meza." Skrubu ilikuwa kavu. Akaitemea mate, akaizungusha. Mate yakateremka kwenye nyuzi za skrubu taratibu, yakanidondokea kwenye kifundo cha mkono, yakiwa na uvuguvugu. Sikuweza kuyafuta. Mkono wa kulia ulikuwa umeshika kalamu aliyonipa, na ule mwingine ulikuwa umefungwa.

"Inauma?"

Nikatikisa kichwa.

"Unaona? Haifinyi."

Darasa likajibu, "Inashika!"

Tuliendelea hivyo. Niliyeketi naye, Atieno, msichana mwenye mdomo ambao mimi sikupewa, alikuwa akiilegeza skrubu mwalimu akigeuka. "Toa haraka, Racham, andika, nitakuambia akigeuka," alininong'oneza. Akigeuka tunarudisha. Siku moja alitukamata. Hakukasirika hata kidogo. Alimwuliza Atieno, "Mtu akivunjika mguu, daktari akaufunga, wewe utaenda kumfungua?"

"Lakini mwalimu, mkono wake haujavunjika."

"Ndiyo unavyofikiri wewe."

Watoto wakacheka. Kesho yake nilikuja bila sweta, kwa makusudi, ingawa kulikuwa na baridi. Nilidhani atakosa cha kushika. Alifikiria kidogo, akachukua vipande viwili vya ubao, akaniwekea vidole viwili katikati, akakaza polepole, akinitazama usoni mpaka akaona kitu alichokuwa akikitafuta, kisha akairudisha skrubu kidogo. Alirudisha, ndiyo. Wakati huo nilihesabu hilo kuwa huruma. Hakuniumiza sana. Ningependa kuandika kwamba aliniumiza sana, ingekuwa rahisi kueleza watu. Vidole vilikufa ganzi tu, vikawa vyeupe chini ya kucha, na kadibodi ilikuwa mahali pake, chini, upande wa dawati.

Nilimwambia mama. Alikuwa akipeta karanga uani. Aliacha, akanishika mkono, akaugeuza huku na huku.

"Umeumia wapi?"

"Sijaumia. Ananifunga."

"Nyathina, mwanangu, anakusaidia. Utakwenda kuolewa siku moja, utampa baba mkwe chai na mkono huu? Walimu wangapi wamekuona wakapita tu? Huyu hajapita."

Wiki hiyo mama alimpelekea mwalimu kuku. Jogoo mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba ya mkonge. Mimi ndiye niliyetumwa kumbeba, na mwalimu alimpokea mlangoni pa karakana kwa mikono miwili, akainama kidogo kwa heshima, akasema nimsalimie mama sana. Omena ilikuwa bado menoni.

Ule mwaka ukaisha, na wa pili ukaisha. Aliacha kunifunga wakati fulani katikati ya darasa la nane, kwa sababu hakukuwa na haja. Mkono wa kushoto ulikuwa umejifunza kukaa mapajani wenyewe kabla hajafika. Wa kulia uliandika, lakini uliandika kama mtu anayetembea kwenye tope kwa viatu vya mwenzake.

Siku ya mtihani wa mwisho wasimamizi walikuwa wageni. Hakuna hata mmoja aliyejua habari zangu wala aliyezijali. Mwalimu wa Ufundi hakuruhusiwa hata kukaribia dirisha. Karatasi ya insha ilipokuja, nilifanya jambo ambalo nilikuwa nimelipanga moyoni kwa miezi: nilihamisha kalamu, nikaitia mkono wa kushoto. Nikangoja. Maneno nilikuwa nayo, yamejaa. Mkono haukufanya kitu. Uliishika kalamu jinsi mgeni anavyoshika mtoto wa watu, kwa adabu, mbali na mwili. Niliusukuma, ukachora mstari. Pembeni yangu Atieno alikuwa tayari ameanza ukurasa wa pili. Nikarudisha kalamu kulia, nikaanza kuburuta. Aliposema muda umekwisha, msimamizi alichukua karatasi yangu kutoka chini ya kalamu. Nilikuwa katikati ya aya ya pili.

Sikupata sekondari. Mwalimu wa Ufundi alipokuja kutupa pole nyumbani, alikaa kwenye kiti cha baba, akanywa chai ambayo nilimpa kwa mkono wa kulia. Alikuwa ameitazama sahani ya kikombe ikimfikia. Akatabasamu, akamwambia mama, "Hata hivyo, hili tumefaulu." Mama akamshukuru. Nilitoka nje nikaenda kutapika nyuma ya choo, na wakasema ni chakula.

Miaka kadhaa baadaye nilipata kazi Rongo, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kando ya barabara kuu. Napima misumari, nakata waya, naandika risiti. Kuandika risiti ndiko kunakomtesa tajiri wangu. "Dada, hiyo ni risiti ama ni Agano Jipya?" ananiuliza wateja wakipanga foleni. Kwa hiyo nyumbani, mlango ukiwa umefungwa, nimeanza kuufundisha mkono wa kushoto upya. Mstari, duara, mstari, kama mtoto wa chekechea. Umeanza kunijua, lakini nao si mwepesi bado.

Aliingia asubuhi moja tajiri akiwa hayuko. Nilimjua kabla sijainua kichwa, kwa sababu ya grisi. Alikuwa amekonda, koti ni lile lile, lakini ukucha ule ulikuwa mahali pake. Yeye hakunijua. Alielekeza kidole kwenye klampu zilizotundikwa nyuma yangu, akaomba ndogo.

Nikaiteremsha. Aliizungusha mikononi, akaanza kumsomesha kijana anayebeba mizigo dukani kwetu, ambaye alikuwa ameegemea mifuko ya saruji.

"Unajua hili jina limetoka wapi?"

"Nairobi?"

"Uholanzi. Zamani. Waingereza waliazima tu."

"Mzee, hata kama imetoka mbinguni bei ni ile ile."

Mwalimu akacheka. Bado alikuwa na kicheko kizuri. Akalipa, akaniomba risiti, na sijui ni nini kilichonipata. Labda ni kwa kuwa tajiri hakuwepo. Nilichukua kalamu kwa mkono wa kushoto, nikaanza kuandika mbele ya macho yake. Herufi zilitoka kubwa na zimepinda. Nikamsikia akivuta pumzi.

"Ah," alisema. "Ni wewe. Huo mkono nilidhani tuliumaliza."

Niliendelea kuandika.

"Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Nimehamia shule nyingine, bado upande ule wa Kosele. Vifaa hawana kabisa, nimenunua hii kwa pesa yangu mwenyewe." Alisema hivyo kwa fahari, na najua ni kweli. Akaiweka klampu kwapani, akageuka kuondoka, kisha akarudi kama mtu aliyesahau kitu kidogo. "Binti yangu, nisaidie na kipande cha kadibodi. Hicho cha boksi la misumari kinatosha."

Nilikuwa nimeshaanza kukirarua kabla sijaelewa. Mkono ulisimama.

"Ni cha mtoto gani?" nikauliza.

"Cha dawati."

"Mtoto gani, mwalimu?"

"Kuna kasichana ka darasa la tatu. Mama yake anauza maharage pale sokoni Kosele, wa kwanza kutoka kwa fundi wa baiskeli. Maskini, ni wa kushoto kabisa, kuliko wewe. Lakini huyu nimemuwahi mapema." Akaniangalia kwa upendo, ule ule. "Wewe nilichelewa."

Nilirudisha pesa zake juu ya meza, nikanyoosha mkono kwapani mwake, nikaivuta klampu kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. Nikaitundika kwenye msumari wake.

"Hatuuzi," nikasema.

"Lakini nimelipa."

"Hatuuzi."

Kijana wa mizigo aliacha kuegemea. Mwalimu alitikisa kichwa, akaokota pesa zake, akazikunja kwa utulivu. Hakukasirika. Hajui kukasirika, ndiyo maana hakuna aliyewahi kumzuia. "Nyako," aliniambia, "klampu haifinyi." Akangoja, kama darasani, nimalizie. Sikumalizia. Akatoka, akavuka barabara. Ng'ambo kuna duka jingine kama letu, na wao wana klampu nyingi. Nilimwona akitoka huko na kitu kimefungwa kwa gazeti.

"Sasa dada, tajiri akisikia?" kijana aliuliza.

"Mwambie nimekwenda Kosele."

Nilimkuta yule mama kwenye gunia lake, wa kwanza kutoka kwa fundi wa baiskeli. Binti yake alikuwa nyuma yake, ametoka shuleni, akipanga maharage kwa rangi. Nilisema nimetoka Rongo, nikasema habari ya mwalimu, nikajikwaa, kama kawaida yangu. Mama akanisikiliza huku akimpimia mteja.

"Yule mwalimu anajali," akasema. "Wengine wamempita tu huyu mtoto."

Nilijua kwamba sitaweza kumshinda kwa mdomo. Nikamwomba mtoto kalamu na kipande cha karatasi, nikachuchumaa, nikaweka karatasi juu ya goti, nikaandika kwa mkono wa kulia. Mteja akaondoka na maharage yake. Akaja mwingine, akapimiwa, akaondoka. Mama akawa ananitazama, kwanza kwa haraka ya biashara, kisha kwa kitu kingine. Nilipomaliza nilimpa karatasi.

"Umeandika nini muda wote huo?"

"Jina langu."

"Jina tu?"

"Jina tu."

"Kwani ulisoma mpaka wapi?"

"Nilimaliza la nane. Yeye ndiye aliyenifundisha kutumia mkono huu."

Mama aliitazama karatasi, akanitazama mkono, na mteja wa tatu akaja akataka gorogoro moja. Mama hakusogea. Msichana akainuka, akachukua lile kopo la kupimia kwa mkono wa kushoto, akalijaza, akampa mteja kwa mkono ule ule. Mama akafungua mdomo. Kisha akaufunga, akaikunja karatasi yangu, akaisukuma ndani ya leso iliyofungwa kiunoni.